Taka za nyuklia na miaka 100,000: nani atazilinda?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa sekondari. Tulipofika kwenye mada ya nyuklia, kitabu kikasema plutoniamu ina nusu-uhai wa miaka 24,000 na kwamba taka za vinu vya nyuklia hubaki na hatari kwa zaidi ya miaka 100,000. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hata piramidi za Misri hazijafika miaka 5,000. Nani atazilinda taka hizo muda wote huo?" Nikababaika. Je, upo uhifadhi ulio salama kweli, au tunawaachia wajukuu bomu? Na wewe mwenyewe ungekubali kuishi karibu na mahali zilipozikwa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo mwanafunzi mpe heko, maana swali lake limewakalisha pamoja wanajiolojia, wanasheria na hata wataalamu wa isimu kwa zaidi ya nusu karne. Kazi yangu ni kinga ya mionzi, na nikueleze mapema ninaposimama: hiyo miaka 100,000 hainikoseshi usingizi. Inayonikosesha ni ile 100 ya kwanza. Ili unielewe tuanze na nusu-uhai, yaani muda ambao nusu ya atomi za kitu chenye mionzi huvunjika, kwa sababu hapo ndipo vitabu vingi vya shule huwaacha watu njiani.

Mtu akisikia "miaka 24,000" hupata picha ya kitu kinachowaka kwa ukali uleule kizazi baada ya kizazi. Hebu fikiria mitungi miwili iliyojaa maji. Mmoja una tundu la sindano. Utavuja muda mrefu, tone kwa tone. Mwingine umepasuka kitako; utakulowesha sasa hivi, na baada ya dakika moja hauna kitu. Nusu-uhai mrefu ni ule mtungi wa tundu la sindano. Gramu 1 ya iodini-131, ambayo nusu-uhai wake ni siku 8, hutoa mionzi kwa kasi inayoizidi gramu 1 ya plutoniamu-239 takriban mara milioni 2. Lakini ifungie iodini hiyo miezi mitatu, utakuta imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Upande wa pili kabisa iko urani-238, nusu-uhai wake miaka bilioni 4.5, karibu sawa na umri wa dunia yenyewe. Jiwe lake unaweza kulishika, ukanawa mikono, ukaendelea na shughuli zako.

Usiende darasani ukasema plutoniamu haina neno. Inalo, ila ni la namna yake. Chembe za alfa inazotoa huzuiwa na karatasi moja, hata na ile ngozi ya juu iliyokufa. Balaa ni vumbi lake kuingia mapafuni: humo hakuna karatasi wala ngozi, na chembe hukaa ikipiga seli zilezile mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo mimi huzigawa taka mafungu mawili. Zipo zinazokuumiza ukiwa umesimama kando tu, kwa miale ya gama inayopenya mwili; kinara wao ni sesiamu-137, nusu-uhai miaka 30. Na zipo zinazokuumiza zikiingia tumboni au mapafuni. Fungu la kwanza lina makali lakini halidumu: zikipita nusu-uhai 10, yaani miaka 300, sesiamu imebaki moja ya elfu. Fungu la pili ndilo la miaka elfu na elfu, ila halina miguu. Lazima libebwe mpaka mdomoni au puani, na chini ya ardhi mbebaji mkuu ni maji. Ukilishika hilo, swali la mwanafunzi wako linageuka. Tunaacha kuuliza nani atalinda, tunauliza maji yatafika lini, na yakiondoka yatakuwa yamebeba nini.

Sasa vipimo, maana bila vipimo mazungumzo ya mionzi huwa ya kutishana tu. Athari ya mionzi mwilini tunaipima kwa milisiveti. Kila mtu duniani, hata asiyejua kinu cha nyuklia kinafananaje, hupata kwa wastani 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye mawe, gesi ya radoni iliyomo hewani, anga za juu na chakula. Ndani ya mwili wako wewe, atomi zaidi ya 4,000 za potasiamu-40 zinavunjika kila sekunde unaposoma mstari huu. Picha ya CT ya tumbo inaweza kufika milisiveti 10. Mfanyakazi wa mionzi kikomo chake ni 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5. Raia wa kawaida ni 1, juu ya ile ya asili. Ugonjwa wa mionzi, ule wa kutapika na chembe za damu kupungua, huanza mtu akipata karibu 1,000 kwa mpigo, na 4,000 hadi 5,000 kwa mpigo huua nusu ya wasiopata matibabu. Ubishi uko chini zaidi. Kwa milisiveti 100, kanuni tunayoitumia hukadiria nyongeza ya kama nusu asilimia katika uwezekano wa kufa kwa saratani maishani. Kwa vipimo vidogo zaidi ya hapo athari ni vigumu kuiona katika takwimu, kwa hiyo tunachukulia kwamba ipo, ikipungua sawia na kipimo. Ni tahadhari, na mimi naiunga mkono. Ila nimechoka kuona watu wakichukua tahadhari hiyo, wakaizidisha kwa mamilioni ya watu, wakatangaza idadi ya maiti.

Taka zenyewe zikoje? Wachora katuni wametuharibia: pipa la manjano, uji wa kijani unachuruzika. Fueli ya kinu ni vipande vya kauri nyeusi, kila kimoja kikubwa kama ncha ya kidole, vimepangwa ndani ya mirija ya aloi ya zirkoniamu yenye urefu wa mita 4 hivi, na mirija hiyo hufungwa pamoja kama mzigo wa fito. Huingia kinuni ikiwa na asilimia 3 hadi 5 za urani-235, ile aina ya urani inayopasuka kirahisi. Baada ya miaka michache hutoka na umbo lilelile, ila ndani sasa asilimia 3 au 4 ni mabaki ya atomi zilizopasuka, 1 hivi ni plutoniamu, na iliyobaki bado ni urani. Hiyo ndiyo fueli iliyotumika. Kwa ujazo ni kidogo sana ukilinganisha na glavu, vichujio na mabomba yanayotupwa kutoka vinuni, lakini ndiyo inayobeba karibu mionzi yote.

Na ni kali kwelikweli. Mzigo mmoja uliokaa nje ya kinu miaka 10, ukisimama ubavuni pake bila kinga yoyote, unapokea zaidi ya milisiveti 100,000 kwa saa. Dakika chache, umekwisha. Ndiyo maana ikitoka kinuni haionyeshwi hewa; huhamishwa ikiwa chini ya maji mpaka bwawani, na huko hukaa miaka.

Nakumbuka mara ya kwanza niliposimama ukingoni mwa bwawa kama hilo. Maji maangavu, huoni hata unyasi, na kule chini kabisa mizigo mipya inatoa mwanga wa buluu uliotulia, usio na sauti. Kipimo changu kilisoma kidogo sana, na hicho kidogo chenyewe kilitokana na vichafu vilivyomo majini, si fueli iliyoko chini. Sikuridhika hadi nilipopiga hesabu pembeni ya daftari. Kila sentimita 10 hivi za maji hupunguza miale ya gama kwa nusu. Mita 1 ni nusu ya nusu ya nusu, mara 10: moja ya elfu. Mita 2, moja ya milioni. Mita 3, moja ya bilioni. Na juu ya mizigo ile kulikuwa na maji ya zaidi ya mita 6. Mwandikie mwanafunzi wako hesabu hiyo ubaoni aimalize mwenyewe.

Kazi ya pili ya bwawa ni kupoza, kwa sababu mabaki hayo huendelea kutoa joto hata kinu kikizimwa. Joto likishapungua, fueli huhamishiwa kwenye makasha makavu ya chuma cha pua na zege, kila moja lina uzito wa zaidi ya tani 100. Hayana pampu wala feni; hewa inayopata joto hupanda yenyewe na ya baridi kuingia. Napenda vitu visivyo na pampu. Machi 2011, wimbi la tsunami lilipokipiga kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi huko Japani, jengo la makasha makavu lilijaa maji ya bahari na vifusi, na makasha yakabaki mazima, huku dunia nzima ikihangaikia mabwawa yaliyokosa umeme wa kupoza. Na kwa anayeogopa kasha likipita barabarani: kanuni za kimataifa za usafirishaji zinataka mionzi isizidi milisiveti 0.1 kwa saa, mita 2 kutoka kwenye gari. Ungehitaji kutembea kando ya gari hilo saa 10 kufikia kikomo chako cha mwaka.

Nifike sasa kwenye usingizi wangu. Ukipitia historia ya watu walioumizwa na taka za mionzi, hutamkuta aliyeumizwa na kitu kilichofukiwa mita 400 ndani ya mwamba. Utakuta matangi, mito iliyomwagiwa uchafu, na mashine zilizosahauliwa, juu ya ardhi au hatua chache chini yake, na karibu zote katika umri wa mtu mmoja tangu taka zitengenezwe.

Tarehe 29 Septemba 1957, kwenye kiwanda cha siri cha Mayak huko Umoja wa Kisovieti, tangi la taka za majimaji lilikosa upoozaji. Maji yakakauka, chumvi zilizobaki zikapata moto, tangi likalipuka na wingu lake likashuka juu ya vijiji. Watu wapatao 10,000 walihamishwa, na serikali ikaukalia ukweli kwa miaka mingi. Huko Hanford, Marekani, kuna matangi 177 yaliyofukiwa karibu na uso wa ardhi, yenye mabaki ya kutengeneza plutoniamu ya mabomu. Zaidi ya 60 yanajulikana au kushukiwa kuwa yamewahi kuvuja. Somo la matangi hayo lilieleweka, ila kwa kuchelewa: taka kali zisibaki majimaji. Ndiyo maana leo zile zinazotokana na kuchakata fueli hukaushwa na kuyeyushwa pamoja na kioo. Kioo hakimwagiki.

Ujerumani ilikosea kwa namna nyingine. Kati ya 1967 na 1978 mapipa yapatayo 126,000 ya taka hafifu na za kati yaliteremshwa kwenye mgodi wa chumvi wa zamani unaoitwa Asse. Mgodi ulikuwepo, ulikuwa rahisi, basi wakautumia. Lakini wachimba chumvi walikuwa wameula mwamba hadi karibu na ukingo wake, na tangu 1988 maji yamekuwa yakipenya, kwa miaka mingi kama lita 12,000 kwa siku. Sasa mpango ni kuyatoa mapipa yote tena, kazi ngumu kuliko ile ya kuyashusha. Walianza na shimo lililokuwa tayari, kisha wakalitafutia sababu.

Lakini kisa ninachowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka ni cha Goiânia, Brazili. Kliniki ya tiba ya mionzi ilihama ikaacha mashine nyuma. Septemba 1987 vijana wawili waliokuwa wakitafuta vyuma chakavu walitoa kichwa cha mashine hiyo, wakakiuza. Ndani mlikuwa na gramu 93 za kloridi ya sesiamu-137. Usiku unga ule ulitoa mwanga wa buluu. Mwenye yadi ya vyuma akauona kama johari, akawagawia ndugu na jamaa. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa miaka 6 alikula kwa mikono iliyokuwa na unga huo. Watu 4 walikufa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 110,000 wakapangwa foleni kupimwa. Gramu 93, mwalimu! Kusafisha mji kukazalisha mita za ujazo zipatazo 3,500 za taka.

Hicho kisa kinanigusa kwa sababu nimewahi kukiona kikiwa kinataka kuzaliwa. Niliitwa kukagua stoo ya hospitali moja, nisiyoitaja. Nyuma ya vitanda vilivyovunjika kulikuwa na kichwa cha mashine ya kobalti-60, kimefunikwa turubai. Kipimo kilianza kulia taratibu kabla sijafika. Kobalti hiyo ina nusu-uhai wa miaka 5 na kidogo. Ilikuwa imekaa pale miaka 16, kwa hiyo nguvu yake ilikuwa imeshuka mara 8, na bado ilitosha kumuua mtu kama ingevuliwa kinga yake. Kinga yenyewe ni risasi, metali ambayo kila mnunuzi wa vyuma chakavu anaijua bei yake. Daftari la vyanzo vya mionzi lilikuwepo, nakiri, safi kabisa, ila saini ya mwisho ilikuwa ya mzee aliyestaafu zamani. Na ufunguo wa stoo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, nje, kando ya mlango.

Ukitoka kwenye mlango ule ndipo unaelewa kwa nini wenzetu wanataka kitu kisichohitaji ufunguo. Wazo la kuzika kwenye tabaka za kina ni hilo: badala ya kutegemea walinzi, tutegemee mwamba ambao haujafanya lolote la maana kwa muda mrefu mno. Ufini ndiyo imefika mbele. Kwenye kisiwa cha Olkiluoto wamechimba Onkalo, mahandaki yenye kina cha zaidi ya mita 400, ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9. Kibali cha ujenzi kilitoka 2015, na majaribio ya mitambo yakaanza 2024. Fueli inawekwa ndani ya silinda yenye mifupa ya chuma cha kusubu na ganda la shaba la unene wa sentimita 5. Silinda inashushwa kwenye tundu, ikazungushiwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi ambao ukigusa maji huvimba na kujibana wenyewe, kisha handaki linajazwa. Kila kizuizi hapo kimepewa kazi dhidi ya yule mbebaji niliyemtaja. Mwamba unayachelewesha maji. Udongo unayafanya yasitiririke, yabaki kunyonyeka polepole tu. Shaba haili kutu kwa urahisi kwenye maji yasiyo na oksijeni. Na kama yote yakishindwa, fueli yenyewe ni kauri, haiyeyuki kama chumvi.

Je, shaba itadumu kweli? Hapo wataalamu walivutana. Uswidi, ambako mfumo huu ulibuniwa, kuna watafiti waliodai kwamba shaba huliwa hata na maji yasiyo na oksijeni, na Januari 2018 mahakama ya mazingira ikaiambia serikali isikubali mradi mpaka suala la silinda lifafanuliwe. Zikafanywa hesabu zaidi, na serikali ikatoa ruhusa Januari 2022 kwa eneo la Forsmark. Mimi naona mvutano ule ni mojawapo ya mambo mazuri yaliyoupata mradi huo. Wapo waliouona kuwa dalili ya udanganyifu. Mimi mradi usiopata mpinzani hata mmoja mwenye shahada ndio unaonitia shaka. Wabunifu pia wamelazimika kuhesabu zama za barafu zijazo, kwa sababu eneo lote hilo lilishawahi kulaliwa na barafu yenye unene wa kilomita 2 na zaidi, na uzito wake utasikika mpaka chini.

Matokeo ya hesabu hizo hushangaza wengi. Plutoniamu, ambayo kila mtu anaiogopa, haitoki: haiyeyuki vizuri kwenye maji ya chini na hung'ang'ania udongo. Anayefika juu mapema, katika hesabu nyingi, ni iodini-129, ambayo hupenda maji na haishikwi na mwamba. Nusu-uhai wake ni miaka milioni 15.7, kwa hiyo nayo ni ule mtungi wa tundu la sindano. Sheria ya Ufini inataka anayeathirika zaidi, kwa miaka elfu kadhaa ya mwanzo, asipate hata milisiveti 0.1 kwa mwaka. Linganisha na ile 2.4 ya bure.

Hesabu ni hesabu, utasema, nani amejaribu kwa muda huo? Dunia imejaribu. Mwaka 1972 wachunguzi wa Kifaransa waligundua kwamba urani kutoka mgodi wa Oklo, Gabon, ilikuwa na urani-235 asilimia 0.717 badala ya 0.720 inayokutwa kila mahali. Tofauti ndogo, lakini katika biashara hiyo hakuna gramu inayopotea bila maelezo. Wakafuatilia wakakuta kwamba takriban miaka bilioni 2 iliyopita, wakati urani-235 ilikuwa bado nyingi, maji ya ardhini yalijipenyeza kwenye mbale na kuwasha vinu vya asili, vikawaka na kuzimika kwa malaki ya miaka. Vilizalisha plutoniamu na mabaki yaleyale tunayohangaika nayo. Gesi zilitoroka, sesiamu na iodini zikaondoka. Plutoniamu haikusogea ila kidogo kabisa, mpaka ikaisha yenyewe, bila shaba, bila bentonaiti, tena ndani ya maji. Oklo haithibitishi kwamba kila mwamba unafaa. Asse inatosha kutukumbusha hilo. Inaonyesha tu kwamba mwamba unaofaa upo na kazi hiyo unaiweza.

Shimo refu halizuii uzembe pia. Huko New Mexico, Marekani, taka za kijeshi zenye plutoniamu zimekuwa zikiwekwa tangu 1999 kwenye chumvi yenye kina cha mita 655. Februari 2014 pipa moja lilipasuka humo. Sababu? Waliolifunga walitumia mchanga wa choo cha paka kunyonya unyevu, jambo la kawaida, ila safari hii walitumia ule wa mimea badala ya ule wa madini. Ukakutana na chumvi za naitreti, ukapata moto. Hakuna aliyejeruhiwa, ingawa wafanyakazi kadhaa walipata kiasi kidogo cha uchafu, na shimo likafungwa karibu miaka 3. Kumbuka pipa lile lilikuwa na umri wa miezi, si karne.

Lipo jambo moja ambalo mwamba haulimalizi: mtu mwenyewe. Baada ya miaka 5,000 anaweza kuja mchimbaji na keekee, asiyejua lugha yetu. Miaka ya 1980 na 1990 watu waliombwa rasmi kubuni alama za kumwonya. Zikaja fikra za miiba mikubwa ya mawe, za ukoo wa makuhani wa atomi watakaorithishana siri, hata za paka watakaobadilika rangi wakikaribia mionzi. Nazisoma kwa kufurahi, lakini naona wana hoja wanaosema usiweke alama kubwa: hayo makaburi ya Misri anayoyataja mwanafunzi wako yaliporwa kwa sababu yalionekana. Afadhali kina kirefu, mwamba usio na madini ya kuvutia, na kumbukumbu nyingi katika hifadhi tofauti.

Kuhusu bomu, fueli iliyotumika haiwezi kulipuka kama bomu la nyuklia. Si aina hiyo ya mchanganyiko. Tunachowarithisha wajukuu ni kiporo cha uamuzi. Marekani iliuchagua mlima Yucca mwaka 1987 uwe mahali pa kuzikia, ikachunguza, ikaomba kibali 2008, kisha fedha zikakatwa, na fueli bado imekaa kwenye makasha kando ya vinu, ikiwemo vilivyokwisha kubomolewa. Makasha hayo ni mazuri. Lakini yanahitaji uzio, mlinzi, mkaguzi na bajeti, kila mwaka, na wanasiasa hukata bajeti za vitu ambavyo havijawahi kuleta shida.

Basi kukaa karibu? Juu ya Onkalo iliyofungwa ningejenga nyumba na kuchimba kisima. Kisima cha nyumbani hakikaribii mita 400. Kando ya makasha makavu ningekaa pia, ila ningetaka kuhudhuria vikao vya ukaguzi. Kando ya tangi la majimaji la zamani, hapana. Na ile stoo, tuliandikiana barua miezi minne mpaka mashine ikachukuliwa kwa gari lenye vibali na kupelekwa hifadhi kuu ya vyanzo. Siku hiyo niliuondoa ufunguo kwenye msumari mimi mwenyewe, nikaukabidhi kwa saini.